Mwenza wa Mwanangu

Kwetu mwenza ni neno la mke. Mume akioa wa pili, huyo ndiye mwenzako, na sijaona mwanamke wa Bombolulu anayelisikia neno hilo akatabasamu. Kwa hiyo siku ile sista wa kliniki ya sukari alipotukusanya sisi kina mama, akatwambia kwamba kila mtoto wetu atapewa mwenza, tuliangaliana. Mmoja wetu akacheka kwa pua. Sista akaeleza. Mwenza ni kijana aliyetangulia kuugua, mwenye sukari kama wao, aliyekwisha kuzoeana na sindano. Kazi yake si kutibu. Kazi yake ni kuwatoa hawa wadogo ndani, watembee, wakimbie, wacheze, kwa sababu mwili ukifanya kazi sukari nayo hupata pa kwenda, na kwa sababu watoto wakifika umri ule hawamsikii daktari tena. Wanasikilizana wao kwa wao.

"Wangu ananisikia," nikasema.

Sista akanitazama kwa ule upole wake unaokera. "Anakusikia, mama. Lakini wewe huna sukari."

Ndivyo yule msichana alivyoingia nyumbani kwangu. Jina lake nalijua, ni jina zuri, lakini sikupata kumwita nalo hata siku moja. Nilimwita Mwenza. Mwanzo ilikuwa kejeli, na yeye aliijua, akaitika tu kama aliyeitwa bibi harusi. Baadaye ikawa mazoea.

Mwanangu anaitwa Saumu, kwa kuwa alizaliwa Ramadhani. Alishikwa na sukari kabla meno ya utoto hayajamng'oka, na tangu hapo mkono uliomdunga ulikuwa huu wangu. Nilijua paja lipi limechoka na lipi lahimili. Nilijua kwa jasho la shingo yake kwamba sukari inashuka, kabla ya kipimo kusema. Mara moja alikimbia na wenziwe akaanguka mbele ya duka, na mimi nikaenda shule mwenyewe nikawaambia walimu mwanangu asikimbizwe. Akitoka shule alikaa chini kando ya cherehani yangu, mimi nashona madera, yeye anaokota nyuzi na kunihadithia mambo ya darasani. Baba yake, anayefanya kazi Changamwe kwenye maghala, akirudi jioni hutukuta hivyo hivyo. "Nyinyi wawili mmeshonwa pamoja," alikuwa akisema. Nilipenda sana maneno hayo.

Alipotimiza miaka kumi na mitatu, Saumu akaacha kuhadithia. Alikaa pale pale, lakini na simu mkononi, uso umenuna, mwili unaongezeka na vipimo vinapanda. Hapo ndipo akaletewa huyo.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa hivi, mrefu, mwembamba, mwenye shingo ya kunyooka kama anayechungulia juu ya ukuta. Alikuwa akitoka Likoni. Alivaa buibui, na chini ya buibui suruali ya traki, na chini ya traki raba ambazo zamani zilikuwa nyeupe. Kila alipopanda ngazi ya kwetu buibui lilipanda kidogo, zile raba zikaonekana, na mimi nikawa kila mara naziangalia kwanza kabla ya uso wake.

Kuchelewa ndiyo iliyokuwa desturi yake. Akisema atakuja baada ya alasiri, ujue jua litakuwa limeanza kulegea. Lakini hakuwahi kukosa kuja. Akiingia, atasimama mlangoni, atainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, ukae."

"Sikai, mama. Nikikaa nitasahau nilichokuja kufanya."

Wallahi, kwa muda mrefu niliona ni ufedhuli. Nyumba ya mtu unaingia, kiti unakikataa, maji unayanywa umesimama, kisha unaondoka na mtoto wake.

Alikuwa na namna yake ya kuizungumzia sukari. Sisi wengine nyumbani tuliitaja kwa sauti ya chini, kama deni la jamaa. Yeye aliitaja kama mbuzi aliyefungwa uani. "Haya Saumu," atasema, "tuitoe nje, imeshinda ndani mchana kutwa." Au akimkuta kipimo chake kiko juu: "Leo imeshiba, inataka kutembezwa." Na ikiwa juu kupita kiasi, hakumtoa, alimwambia anywe maji, adungwe, wangoje, akakaa naye barazani wakicheza karata. Siku ya kwanza aliposema habari ya kuitembeza, Saumu alicheka. Nilikuwa nimeshika mkasi, nikaukata upindo wa dera la watu mahali pasipopaswa kukatwa. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia kwa miezi, na mimi ndiye niliyekuwa nikikitafuta, kwa hadithi, kwa vyakula, kwa nguo mpya. Mtu wa Likoni amekuja kukiokota kwa neno moja.

Wakatoka. Nikabaki na cherehani.

Watu humsifu kwa subira. Mimi niliyemjua nasema hakuwa na subira hata chembe. Mtoto akilialia kwamba amechoka, alimcheka. Wakicheza kati, ule mchezo wa kumlenga mtu kwa mpira, pale kwenye uwanja wa nyuma, yeye na watoto wengine wa kliniki waliokuwa wakikusanyika siku ya Jumamosi, aliwarushia mpira kana kwamba wamemtukana, na hakumwachia mdogo yeyote ashinde. Nilimwuliza, "Mwenza, huwezi kumpa huyu mtoto nafasi hata mara moja?" Akafuta jasho. "Mama, kila mtu anawapa nafasi. Wamechoka kupewa."

Tena alikuwa mwongo. Aliwaambia watoto kwamba shuleni alikuwa bingwa wa mbio, kwamba walimu waligombana nani amchukue kwenda mashindanoni. Waliamini na kukaza mwendo. Siku moja nilimbana jikoni, nikamwuliza mbio gani hizo. Akaangalia mlango kwanza. "Nilikimbia mara moja, mama. Nikawa wa mwisho, na nikatapika." Akaniomba nisimwambie Saumu. Sikumwambia. Lakini niliiweka siri ile moyoni kama mtu anayeweka kisu chini ya mto, siku ya haja nipate cha kumtolea.

Na kitu ambacho sikukitarajia: aliogopa sindano. Miaka yote ile anajidunga, bado alifumba macho. Alitamka bismillah, akageuza uso upande wa ukuta, akauma mdomo, mkono unajua wenyewe pa kwenda. Mimi niliyemdunga mwanangu macho yakiwa wazi tangu siku ya kwanza, nikajiona bora kuliko yeye. Furaha yangu haikudumu. Jioni moja nilimwita Saumu kama kawaida, sindano iko tayari mkononi.

"Abee, mama."

"Njoo, wakati umefika."

"Nimeshajidunga."

"Umejidunga vipi?"

"Mwenyewe. Kama Mwenza. Nilifumba macho."

Nilikaa na ile sindano nisijue niiweke wapi. Baba yake akafurahi, akampa mkono kama mtu mzima. Wakaulizana habari, ameweka kipimo gani, amedunga wapi, na yote yalikuwa sawasawa. Mimi nikaenda uani kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Lakini hilo si kitu ukilinganisha na lililofuata. Mwanangu alipovunja ungo, hakunambia mimi. Alimwambia yeye. Walikuwa njiani, na Mwenza akaingia dukani akamnunulia alichohitaji, akamweleza vile sukari inavyoweza kupanda siku hizo na namna ya kujiangalia, akamrudisha nyumbani, kisha akanivuta pembeni kunipa habari ya mtoto wangu mwenyewe. "Ameona haya, mama," akasema. "Atakwambia tu, usimwulize."

Sikumwuliza. Ilipita wiki nzima kabla Saumu hajaja kunambia, na mimi nikajifanya ndiyo kwanza nasikia, nikamkumbatia, nikamwombea dua. Juu ya bega lake nilikuwa naiona sura ya yule msichana kama picha iliyotundikwa.

Msidhani nilikuwa namchukia. Mtu unayemchukia hutaki kumwona. Mimi nilikuwa nikimsikiliza ngazini tangu alasiri.

Kuna wazazi pale mtaani ambao hawakutaka binti zao waonekane wakikimbia barabarani. Mwenza hakubishana nao. Aliwaomba chumba tu. Kwetu alipewa sebule na baba Saumu, bila mimi kuulizwa. Wakafunga madirisha, wakasukuma makochi, wakaweka ngoma ya chakacha kwenye simu, mabinti watano wa kliniki wamejifunga leso kiunoni. Mimi niko chumba cha pili nashona. Ikapigwa ngoma ya kwanza, nikavumilia. Ya pili, nikachungulia. Mwenza alikuwa mbele akiwaongoza, na subhanallah, alicheza kama mtu anayepanda ngazi. Alikuwa anatupa magoti! Na mwanangu nyuma yake anatupa magoti vile vile, kwa bidii, ulimi umetoka pembeni.

Kabla sijaolewa, harusi hazikukamilika bila mimi. Watu walikuwa wakiuliza kama nimekwisha fika. Saumu hakulijua hilo, kwa sababu tangu augue sikucheza tena, na hakuniuliza. Nikaweka kitambaa chini, nikaingia.

"Sogea," nikamwambia Mwenza.

"Mama?"

"Sogea, mwanangu, unawaharibia watoto. Chakacha haichezwi kwa magoti. Magoti yanatulia. Tazameni."

Nikawaonyesha. Kiuno kilikuwa kimeshika kutu, lakini kilikumbuka. Mabinti wakapiga vigelegele. Saumu akafungua mdomo, akaziba kwa mkono, macho yanamtoka. "Mama! Umejifunzia wapi?" Na Mwenza, badala ya kuona haya, akaja akasimama nyuma yangu na kufuata kila ninachofanya, akauliza hivi, akauliza vile, kama mwanafunzi. Nilikuwa nimeingia kumwaibisha, na yeye ameligeuza kuwa somo. Walipokwisha kunywa maji akasema mbele ya wote, "Basi siku ya ngoma mwalimu ni mama." Nilifurahi hata nikakasirika.

Sasa nieleze siku ya ufuoni.

Jumapili moja aliwachukua Saumu na mwenziwe mmoja kwenda kwa miguu hadi ufuoni, upande wa Mkomani. Nilikuwa nimekataa, baba yake akakubali. Alikagua vipimo vyao, aliwalisha kabla ya kutoka, hilo nalikiri. Lakini jua lilikuwa kali, na wasichana walipofika kwenye mchanga wakashindana mbio wenyewe. Nikapigiwa simu. Niliruka na bodaboda nikiwa na ndara moja ya kwangu na moja ya mume wangu. Nikamkuta Saumu kwenye baraza ya duka, kichwa kiko mapajani mwa Mwenza, midomo ina unga mweupe wa glukosi, rangi inaanza kurudi. Nikapiga magoti nikamshika mkono. Akafungua macho akaniona, nina hakika aliniona, kisha akageuza shingo juu.

"Mwenza, usiende," akasema.

Nilimsema yule msichana mbele ya watu. Sitayarudia niliyoyasema, na wala siyarudishi. Yeye aliendelea kumpangusa mwanangu uso, akampima tena, akanionyesha kipimo kimepanda vizuri. Jioni yake nilimwambia baba Saumu kwamba basi, imetosha, mtu yule asije tena.

"Alipoanguka alikuwa na nani?" akaniuliza.

"Na yeye!"

"Na akainuka akiwa na nani?"

Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyachagua vibaya. Sikulala vizuri. Asubuhi nikamwona Saumu amekaa chini kando ya cherehani, simu mkononi, uso umenuna, kama zamani. Amerudi kwangu. Nikamtazama sana. Kisha nikamwambia, "Mwambie aje. Lakini kuanzia leo, mkitoka natoka."

Baba yake akacheka hadi akashika ukuta. "Wewe? Na magoti hayo?"

Na mimi na magoti haya. Mwili wangu ulikuwa umekaa kwenye kiti cha cherehani tangu nilipoolewa. Siku ya kwanza sikufika hata Frere Town. Nilikaa kwenye ngazi ya kanisa nikihema, mwanamke wa buibui, wapita njia wananipa pole. Wao wawili walikuwa mbele, hawakugeuka. Siku ya pili nilifika. Baada ya hapo ikawa kila jioni: kutoka Bombolulu hadi Frere Town na kurudi, Mwenza na Saumu mbele, mimi nyuma na mkoba wangu, ndani yake glukosi na chupa ya maji. Majirani wakasema mama Saumu anapunguza mwili. Daktari wangu wa presha akanipongeza. Sikuwa natembea kwa afya, nilikuwa natembea kwa wivu, na wivu una nguvu kuliko chai ya tangawizi.

Kwa hiyo naweza kusema nimemjua yule msichana kwa mgongo kuliko wengi walivyomjua kwa uso. Nilijua mwendo wake. Kisigino cha kulia hukanyaga ndani kidogo. Akizungumza jambo la kweli hupunguza hatua, akidanganya huongeza. Akipita penye duka la soda baridi hugeuza kichwa upande wa pili kabla hajalifikia. Akisikia adhana huvuta mtandio mbele. Hakuwahi kunizuia nisiwafuate, na hakuwahi kuningoja. Mara nyingi nilitaka angoje. Angengoja ningepata sababu ya kusema nimechoka, turudi.

Ikaja Ramadhani. Daktari na shehe wa mtaa wote walikuwa wamekwisha kutwambia kwamba mtoto kama Saumu asifunge, ana ruhusa, na Mwenza ndiye aliyewakazania mabinti kuliko wote. "Usijifanye shujaa," aliwaambia. "Mungu hana haja ya kukuona umezimia." Siku moja ya mfungo Mwenza alikuja, wakatoka na Saumu polepole kabla ya magharibi, mimi nyuma, nimefunga na ulimi umekauka. Tulipokaribia Frere Town nikaona kisigino kinaburura. Nikadhani raba imelegea. Kisha akakata kona ambayo siyo. Saumu akacheka, akadhani ni mzaha, akamvuta, naye akacheka pia, lakini kicheko kilikuwa kirefu mno na hakikuwa na mwisho.

"Mwenza!" nikaita.

Hakugeuka.

Basi nilikimbia. Mwanamke mzima, mfungo mchana, barabarani. Nilipomfikia, shingo yake ilikuwa na jasho baridi, lile jasho ninalolijua kwa ngozi ya vidole vyangu. Nikamshika mabega nikamketisha mbele ya duka la mbao. Akanisukuma.

"Niwache. Nimefunga."

"Umefunga? Wewe?"

"Nimefunga, niwache."

Bado aliweza kumeza. Nikakoroga glukosi kwenye maji, nikamshika kidevu, nikamnywesha kidogo kidogo, huku namkaripia kama ninavyomkaripia wangu. Alipigana, kisha akaacha kupigana. Kichwa kikalala mapajani mwangu. Mwenye duka akaleta juisi ya boksi. Akili ilipoanza kumrudia, machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Mbona ukajifanyia hivi?" nikamwuliza. "Si wewe unayewakataza wenzio?"

Alikuwa akiishi kwa shangazi yake, hilo ndilo pekee nililolijua la kwao. Akasema nyumba nzima wanafunga, na yeye mchana hula chumbani, mlango umefungwa, ili watoto wa pale wasimwone. Hakuna aliyemkataza. Ila hakuna aliyekaa naye. "Nimechoka kula peke yangu, mama," akasema. "Kila mwaka. Kama mwizi." Kisha akaushika mkono wangu akauweka shavuni, akalisema tena lile neno, mama, na safari hii halikuwa lile la heshima analonipa kila siku mlangoni.

Nikainua macho. Saumu alikuwa amesimama juu yetu, mikono imening'inia. Alikuwa analia kwa hofu, lakini hofu ilikuwa inaondoka na kitu kingine kinaingia mahali pake. Aliutazama mkono wangu ulipo. Aliitazama leso yangu niliyomfunika Mwenza. Nilikijua kitu kile, nimekivaa usoni mwaka mzima.

"Mama," akasema, "twende nyumbani."

"Ngoja mwenzio apate nguvu."

"Sasa hivi, mama. Twende."

Mwenyezi Mungu anisamehe kwa sababu ilikuwa Ramadhani: moyo wangu ulijaa hadi pomoni. Mwanangu ananionea wivu! Na mtu mwingine amelala mapajani mwangu na hataki kuinuka. Nilikaa pale zaidi ya ilivyohitajika.

Sista nilimwambia, maana lile halikuwa jambo la kufichwa, na Mwenza akaninunia kwa siku chache. Lakini kwa siku zote zilizobaki za mwezi ule alivuka kutoka Likoni adhuhuri akaja kula kwangu. Niliwapikia yeye na Saumu, samaki wa kupaka, wali, mchicha, vipimo vyao vimepangwa, nikakaa nao jikoni nimefunga, nikiwatazama wakila. Ndiyo mara ya kwanza alikubali kiti. Saumu alikuwa akiangalia ni kipande gani cha samaki nimempa nani. Nilikuwa nikibadilisha makusudi.

Wenza wa kliniki hawakai milele. Wakikua hupewa kazi nyingine, wadogo huachiwa wenyewe au huanza kuwatembeza wadogo zaidi. Yeye alipata kazi ya kiwanda huko Changamwe, zamu zake zikawa hazina mpango. Akaja mara moja kwa wiki, kisha sikukuu, kisha simu. Saumu hakumlilia kama nilivyodhani. Alikuwa amekwisha zoea kutoka mwenyewe. Anajipima, anakula kidogo, anafunga kamba za raba, anaondoka, na akirudi ana jasho na njaa na hadithi. Sasa yuko Nairobi chuoni, na huko nako nasikia anakimbia na wenziwe asubuhi kwenye baridi. Hunipigia kunambia. Hanambii yote, lakini hunambia kwanza, au ndivyo ninavyoamini.

Mwenza nilimwona mara ya mwisho mwaka huu. Nilikuwa nimevuka feri kwenda Likoni kumpelekea bibi harusi mmoja nguo zake, nimezikunja vizuri kwapani. Alasiri ilikuwa imepita. Niko kwenye barabara ya Mtongwe, nikasikia nyuma yangu kicheko, na kabla sijageuka magoti yangu yalikwisha kusimama.

Amenenepa kidogo, imempendeza. Alikuwa na wasichana wawili, wadogo kuliko Saumu alivyokuwa, wanakwenda mwendo wa haraka na kubishana. Nyuma yao kulikuwa na mama mmoja wa makamo, leso imemshuka, anahema. Na Mwenza, naapa, Mwenza alisimama. Aliwaambia wasichana wasubiri, akarudi nyuma, akampokea yule mama mkoba wake, akamshika kiwiko, wakaja taratibu.

Miaka ile yote mimi sikuwahi kupokewa mkoba.

"Mwenza!" nikaita, na sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

Akaachia kiwiko cha watu, akaja mbio, akanibusu mkono, akanibusu na wa pili. "Mama! Shikamoo, mama! Saumu hajambo? Baba hajambo? Mbona umepungua?" Maswali hayakungoja majibu. Nikamwuliza mbona hapigi simu, akasema simu iliibiwa, huku akiongeza hatua moja kando, nikajua ni uwongo, nikamsamehe hapo hapo. Akanambia kiwandani amepumzishwa kidogo na sista amemwomba arudi kusaidia upande huu. Akawageukia wenziwe. "Huyu ndiye mama yake Saumu," akawaambia, na wale wasichana wakaangaliana na kutabasamu, kama watu waliokwisha kuhadithiwa. Sikupata kujua wamehadithiwa nini.

Tukaanza kutembea. Yeye akawa mbele na wasichana, mimi nikajikuta nyuma na yule mama. Akavuta leso yake, akanisogelea.

"Wewe wako ulimuweza vipi?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Wangu siku hizi ni Mwenza kasema, Mwenza kakataza. Nikimwita hasikii. Nimekuwa kama mpangaji kwenye nyumba yangu. Mwaya, hata kutembea huku nimekuja kwa sababu ya hasira tu."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Kwamba magoti huzoea. Kwamba mtoto hurudi, ingawa si pale chini alipokuwa amekaa. Kwamba kuna siku atamwona yule binti akiyumba, na yeye ndiye atakayejua kabla ya wote. Nilimtazama, nikautazama na mkoba wake ulivyoning'inia begani mwa Mwenza.

"Pole, shoga," nikamwambia. "Kaza mwendo."

Nami nikakaza wangu. Nikampita, nikawapita na wale wasichana, nikafika ubavuni mwa Mwenza, nikamshika mkono. Akacheka, akaubana kwapani mwake, akaanza kunihadithia habari za kiwandani, hatua zake zimepungua. Nguo za bibi harusi bado nilikuwa nazo, na nyumba yake tulikuwa tumeipita kitambo.